Zinafunga mdomo, hazipepei moto

Mjomba wangu alikuwa mla miraa wa kila Ijumaa. Alasiri ikiingia utamkuta barazani na wenzake, kitita kimefungwa kwa jani la mgomba, bigijii mfukoni, soda pembeni, na mazungumzo yasiyo na mwisho. Mkaza mjomba alimpakulia wali wake, akaufunika kwa kawa, akaenda kulala. Asubuhi aliukuta vilevile, umekauka juu kama gamba. Kila Jumamosi aliapa hatapika tena usiku wa Ijumaa, na kila Ijumaa alipika. Ila Jumamosi jioni, miraa ikishamtoka mwilini, mjomba alikula sahani yake na nusu ya sahani ya mtu mwingine.

Namkumbuka kwa sababu fentamini, kidonge cha kukata hamu ya kula kilichoidhinishwa Marekani mwaka 1959 na kinachoandikwa na madaktari wa huko hadi leo, ni ndugu wa amfetamini, dawa ya kusisimua ubongo, na kathinoni iliyomo kwenye miraa ni ya ukoo huohuo. Ule wali chini ya kawa ndio habari yenyewe ya dawa za unene. Kuna sahani isiyoguswa leo, na kuna deni ambalo mwili hurudi kulidai kesho.

Siku hizi habari hiyo haisemwi hivyo. Katika makundi ya WhatsApp, matangazo ya sindano za kupunguza mwili yana neno moja linalorudiwa kama kiitikio: kuchoma. Inachoma mafuta, inayeyusha kitambi, inawasha mwili. Na tangu zije dawa zinazochanganya homoni mbili au tatu, neno hilo limepata nguvu mpya, kwa hoja kwamba moja itapunguza kula na nyingine itachoma. Nimesoma majaribio haya kwa muda, na msimamo wangu ni huu: kwa binadamu, ushahidi mzito uko upande wa mdomo, yaani kupunguza kula. Upande wa moto, yaani kuufanya mwili utumie nishati zaidi, una historia mbaya, una matumaini machache ya kweli, na una uuzaji mwingi.

Tuanze na sababu ya kuchanganya dawa, kwa kuwa hapo ndipo pana utamu. Mwili si gunia unalopunguza kwa kuchota. Ni jiko lenye mlango wake. Ukipunguza mkaa, lenyewe linafunga mlango, moto unafifia ili mkaa uliobaki ufike asubuhi. Mwaka 2016 Kevin Hall, wakati huo mtafiti wa taasisi za afya za taifa za Marekani, alichapisha vipimo vya watu 14 walioshiriki shindano la televisheni la kupunguza uzito. Miaka 6 baada ya shindano, wengi walikuwa wamerudisha sehemu kubwa ya kilo zao, lakini miili yao ikiwa imepumzika ilikuwa inatumia takriban kalori 500 kwa siku pungufu ya ilivyotarajiwa kwa watu wa umbo lao. Habari hiyo ilienea sana, na watu wakahitimisha kwamba adui ni moto uliofifia.

Mwaka huohuo Hall na wenzake walitoa hesabu nyingine ambayo haikupata kelele kiasi hicho, nami naiona ndiyo yenye uzito. Walitumia dawa ya kisukari inayomwaga sukari kwenye mkojo. Anayeimeza hupoteza kalori kila siku bila kuhisi, kwa hiyo hafanyi bidii yoyote ya kujinyima, na hapo unaweza kuona mwili wenyewe unajibu vipi. Jibu lilikuwa hivi: kwa kila kilo iliyopotea, moto ulishuka kwa kalori 20 hadi 30 kwa siku. Hamu ya kula ilipanda kwa kalori 100 hivi. Piga hesabu ya mtu aliyepunguza kilo 10. Jiko lake limepungua kwa kalori 250, kama chapati moja. Tumbo lake linadai 1,000 za ziada, leo, kesho na keshokutwa. Sasa niambie wewe, adui mkubwa ni yupi?

Na hamu hiyo haina mlango mmoja. Kuna utumbo unaotuma habari ya shibe, kongosho, mafuta yenyewe yanayotoa homoni ya leptini, ladha na raha, mazoea ya saa. Ukiziba mmoja, mwili unapita wa pili. Ndiyo maana dawa mojamoja za zamani zilikuwa zikipunguza kilo kadhaa kisha zinagonga ukuta, na ndiyo maana watu wakaanza kuchanganya.

Mchanganyiko ninaoupenda kwa ufundi wake, ingawa matokeo yake ni ya wastani, ni ule unaouzwa Marekani kwa jina la Contrave tangu 2014. Una bupropioni, dawa ya sonona na ya kuacha sigara, na naltreksoni, dawa ya kuwasaidia walevi na waraibu wa heroini. Hakuna hata moja iliyotengenezwa kwa ajili ya unene. Lakini chini ya ubongo, katika hipothalamasi, kuna seli za neva zinazopunguza njaa zikiamshwa, na bupropioni huziamsha. Tatizo ni kwamba seli hizohizo zikiamka hutoa vitu viwili kwa mpigo: kimoja kinachosema "tosha", na kingine, beta-endofini, kinachorudi kwenye seli ileile na kuituliza. Ni kama dereva anayekanyaga mafuta kwa mguu wa kulia huku wa kushoto uko kwenye breki. Naltreksoni inauzuia mguu wa kushoto. Katika jaribio lililochapishwa 2010, waliotumia mchanganyiko huo walipunguza asilimia 6.1 ya uzito kwa wiki 56, na waliopewa vidonge visivyo na dawa asilimia 1.3. Si miujiza. Ila umeona jinsi ulinzi wa mwili ulivyo, kwamba breki imefungwa ndani ya seli ileile ya shibe.

Mwenzake ni fentamini iliyochanganywa na topiramati, dawa ya kifafa na kipandauso, iliyoidhinishwa Marekani 2012 kwa jina la Qsymia. Hiyo ilifika karibu asilimia 10 kwa dozi ya juu. Topiramati ina hatari ya kumzalisha mama mtoto mwenye mdomo uliopasuka, na Ulaya waliukataa mchanganyiko huo. Nayo pia kazi yake ni kupunguza kula.

Kabla ya hizo kulikuwa na ule mchanganyiko ambao kila daktari wa rika fulani anaukumbuka. Mwaka 1992 Michael Weintraub wa Chuo Kikuu cha Rochester alichapisha utafiti wa watu 121 waliopewa fentamini pamoja na fenfluramini. Wazo lilikuwa la busara: dawa mbili zinazogusa njia mbili tofauti za ubongo, kila moja kwa dozi ndogo, ili madhara ya moja yafutane na ya mwenzake. Uzito ulishuka, na Marekani ikashikwa na wazimu. Kliniki zilifunguliwa kwenye maduka makubwa, na mwaka 1996 pekee maagizo ya daktari yalifika milioni 18. Kisha mwaka 1997 madaktari wa Kliniki ya Mayo wakaeleza habari za wanawake 24 waliokuwa wakitumia mchanganyiko huo na ambao valvu za moyo wao, yaani vilango vya kupitishia damu, zilikuwa zimenenepa na kuvuja. Septemba ya mwaka huo fenfluramini ikaondolewa sokoni.

Kilichotokea ni hiki. Fenfluramini ilikusudiwa kwenda ubongoni kupitia serotonini, kemikali ya kupeleka ujumbe, lakini vipokezi vyake, yaani vitasa vinavyoipokea, haviko ubongoni peke yake. Kuna aina iliyoko juu ya valvu za moyo, na dawa ile ilikuwa inaviamsha hivyo pia, ikizifanya valvu kukua pasipotakiwa. Ufunguo mmoja, vitasa viwili, na kitasa cha pili hakikuwa kwenye ramani ya mtu yeyote. (Fenfluramini imerudi mwaka 2020, kwa dozi ndogo, kutibu aina kali ya kifafa cha watoto. Dawa nazo zina maisha yao.)

Sasa tufike kwenye sindano za leo. Semaglutaidi, ambayo watu wengi wanaijua kwa jina la Ozempic au Wegovy, inaiga homoni moja ya utumbo, GLP-1. Jaribio lake kubwa la 2021 lilionyesha uzito ukipungua asilimia 14.9 kwa wiki 68. Tirzepataidi, yaani Mounjaro na Zepbound, ni sindano moja inayofungua vitasa viwili, cha GLP-1 na cha homoni nyingine iitwayo GIP. Mwaka 2022, katika jaribio la watu 2,539, dozi ya juu ilifika asilimia 20.9 kwa wiki 72. Zilipopambanishwa ana kwa ana, tirzepataidi ilishinda, 20.2 kwa 13.7.

Pengo hilo ndilo lililozaa uvumi wa moto. Kama homoni ya pili imeongeza asilimia 6, lazima inachoma, si ndiyo? Na panya walikubali: panya waliopewa tirzepataidi moto wao haukushuka kama wa wenzao waliopunguziwa chakula tu. Basi Eric Ravussin wa kituo cha utafiti cha Pennington, kule Baton Rouge, Marekani, pamoja na wenzake wakawaweka watu wenye unene kwenye vipimo, wiki 18, wakapima wanachokula na nishati wanayotumia. Matokeo yalichapishwa 2025. Kwa watu, tirzepataidi haikuzuia moto kufifia. Ulififia kama kawaida ya mtu anayepungua. Kilichoanguka ni chakula: watu walikula kidogo sana.

Kuna jambo moja katika utafiti ule ambalo muuzaji akilisikia atalichukua mbio, nalo ni kwamba waliopewa dawa walitumia mafuta zaidi kama nishati. Kweli, lakini tusidanganyane. Mtu yeyote anayekula kidogo lazima achote kwenye akiba, na akiba ya mwili ni mafuta. Kubadilisha aina ya kuni si kuongeza moto.

Na habari ya panya ina kichekesho chake. Panya wa maabara hukaa kwenye chumba cha nyuzi 22 hivi, ambacho kwa mtu mwenye shati ni raha tupu. Kwa panya ni baridi. Ana mwili mdogo, joto linamtoka upesi, na sehemu kubwa ya chakula chake huishia kumpasha joto. Ukimpa dawa inayogusa mtambo huo, utaona mabadiliko makubwa. Mtu wa Tanga mwezi wa Februari hana mtambo kama huo wa kuguswa. Yeye shida yake ni kupoa.

Wako wanaojaribu kugusa moto kwa makusudi, na njia hiyo ina makaburi. Mwaka 1933, Chuo Kikuu cha Stanford, Maurice Tainter na wenzake walitangaza dawa iitwayo dainitrofenoli. Hiyo ilichoma kweli, kwa maana halisi ya neno: ilitoboa mfumo wa seli wa kugeuza chakula kuwa nguvu, nishati ikapotea kama joto. Watu walipungua, wengine wakapata mtoto wa jicho, wengine wakafa miili ikiwa imechemka kutoka ndani, kwa kuwa jasho lina kikomo chake. Baadaye zikaja efedrini na kafeini pamoja, mchanganyiko uliopendwa sana Denmark mpaka ulipoondolewa 2002. Marekani ikapiga marufuku virutubisho vya efedra 2004. Huko kote shida ilikuwa ileile. Kitu kinachoupepea moto wa mwili mzima huupepea na moyo.

Tumaini la sasa linaitwa glukagoni. Ni homoni ya kongosho, mpinzani wa insulini, inayoliambia ini litoe sukari. Peke yake inapandisha sukari ya damu, kwa hiyo hakuna aliyefikiria kumpa mtu mnene mwenye kisukari. Lakini mwaka 2013 kikundi cha Steve Bloom, Imperial College London, kiliwadungia watu glukagoni na GLP-1 kwa wakati mmoja, kwa muda mfupi. Glukagoni iliongeza nishati inayotumika, na GLP-1 ikaizuia sukari isipae. Hapo ndipo mchanganyiko ulipopata maana mpya, kwamba moja inafanya kazi na nyingine inasafisha uchafu wa mwenzake. China iliidhinisha dawa ya namna hiyo, mazdutaidi, Juni 2025. Na ipo retatrutaidi, yenye vitasa vitatu, GLP-1, GIP na glukagoni. Katika jaribio la watu 338 lililochapishwa 2023, dozi ya juu ilipunguza asilimia 24.2 kwa wiki 48, na uzito ulikuwa bado unashuka.

Ni namba ya kushangaza, sikatai. Ila jaribio lile lilipima uzito kwa mizani. Kusema asilimia kadhaa ni za moto na kadhaa ni za mdomo ni kukisia, na nikilazimishwa kukisia, bado ningeweka sehemu kubwa mdomoni. Glukagoni yenyewe inapunguza hamu ya kula. Mapigo ya moyo yalipanda mpaka wiki ya 24, kisha yakaanza kushuka, jambo linalotia moyo kidogo. Lakini mwenye kumbukumbu ya 1997 hawezi kuyaangalia mapigo hayo huku anapiga makofi.

Upande wa mdomo nao una mafumbo yake. Tirzepataidi inaamsha kipokezi cha GIP. Dawa nyingine inayojaribiwa na kampuni ya Amgen inakiziba kipokezi hichohicho, ikiwa imeunganishwa na GLP-1, na watu wanapungua vilevile. Funga mlango, wanapungua. Fungua mlango, wanapungua. Na CagriSema ya Novo Nordisk, inayochanganya semaglutaidi na dawa inayoiga amilini, homoni nyingine ya shibe, ilipotangaza Desemba 2024 kwamba waliofuata tiba kikamilifu walipunguza asilimia 22.7, hisa za kampuni zilianguka takriban moja ya tano kwa siku moja, kwa sababu soko liliahidiwa 25. Miaka 10 kabla, daktari angelia kwa furaha akiona 22.7.

Kuna ushahidi mmoja ambao ungepaswa kutoka Tanzania kwenda duniani, kwa jinsi unavyotuhusu. Mwaka 2012 Herman Pontzer na wenzake walichapisha vipimo vya Wahadza wa karibu na Ziwa Eyasi, watu wazima 30, walionyweshwa maji maalumu yanayoonyesha nishati inayotumika siku nzima. Wanaume wa Kihadza walikuwa wakitembea kilomita 11 hivi kwa siku. Ukizingatia ukubwa wa mwili, nishati yao haikuwa tofauti na ya mtu wa Marekani anayekaa ofisini. Mwili una bajeti, na bajeti hiyo haipanuki kirahisi, hata kwa anayechimba mizizi na kufuata nyuki. Mazoezi yana faida tele kwa moyo, kwa sukari, kwa usingizi. Lakini utafiti huo unaonyesha jiko hili lilivyo na ukaidi, na aliyebuni sindano ya kulipepea ana kazi kubwa kuliko tangazo lake.

Kwa nini nasumbuka na neno moja la matangazo? Kwa sababu anayeamini dawa inachoma ataishi nayo tofauti na anayejua inafunga mdomo. Wa kwanza ataendelea na chipsi mayai usiku akingoja sindano imlipie. Ataiacha akifika uzito anaoutaka, akidhani kilichochomwa kimekwisha. Waliofuatiliwa mwaka mmoja baada ya kuacha semaglutaidi walikuwa wamerudisha theluthi mbili ya walichopunguza. Mjomba na Jumamosi yake.

Na kuna jambo la misuli. Katika vipimo vya tirzepataidi, karibu robo ya uzito uliopotea haikuwa mafuta. Misuli ni sehemu ya jiko. Ukiipoteza, moto unashuka zaidi, na ukiacha dawa mafuta hurudi mbele ya misuli. Ndiyo maana mchanganyiko ninaoufuatilia kwa hamu kuliko hata ule wa vitasa vitatu ni semaglutaidi na bimagrumabu, dawa inayolinda misuli. Matokeo yaliyotolewa 2025 yalionyesha asilimia 22.1 ya uzito kupungua, na zaidi ya tisa ya kumi ya kilichoondoka ilikuwa mafuta. Hapo moto hausukumwi. Unalindwa usizimike.

Kwetu swali hilo liko kwenye sinia. Sahani yetu ya kawaida ni mlima wa ugali au wali, na pembeni kijiko cha maharage, dagaa kidogo, kipande cha samaki kwa mwenye bahati. Sindano ikiikata sahani hiyo nusu, inabaki nusu ipi? Hataza ya semaglutaidi, yaani haki ya kampuni moja kuitengeneza peke yake, nchini India ilipangiwa kwisha Machi 2026, na sehemu kubwa ya dawa tunazomeza Afrika Mashariki hutoka huko. Bei ikishuka, sindano hizi zitatoka kwenye kliniki za wenye nacho. Bandia nazo zitakuja, kama Shirika la Afya Duniani lilivyoonya Juni 2024 baada ya semaglutaidi ya uongo kukamatwa Brazil, Uingereza na Marekani. Watakaozipata wengi watakuwa watu wa sahani ile ya mlima mmoja.

Nina binamu yangu Maskati anayetumia tirzepataidi kwa mwezi wa saba sasa. Alipoanza alinipigia simu usiku, anacheka. "Kaka, si kwamba nimeshiba," akasema. "Chakula kimeacha kuniita." Sijasoma maelezo bora ya dawa hizi katika jarida lolote. Wiki iliyopita nilimuuliza anakula nini siku hizi. Akanijibu chai na nusu chapati asubuhi, na hiyo inamfikisha mpaka Magharibi. Nikamuuliza habari ya samaki, maana ndiye aliyekuwa akigombana na kila mtu juu ya kichwa cha changu. Alinyamaza kidogo. Akasema tangu walipompandisha dozi, harufu ya samaki inamchafua moyo, na siku hizi anapopanda ngazi za nyumba yao inambidi apumzike katikati.